Fundi wa ngozi anayeipenda kazi yake ajifunze pia kujilipa

Na Mwandishi Wetu

WAKATI Tanzania ikitajwa kuwa miongoni mwa nchi zenye ng'ombe wengi zaidi barani Afrika, wakikadiriwa kuzidi milioni 30, si ajabu kumkuta mkazi wa Dar es Salaam amefunga mkanda wa ngozi bandia kutoka ng'ambo, ambao baada ya miezi michache huanza kubanduka kama rangi ya ukuta wenye unyevu.

Pengo hilo kati ya wingi wa mifugo na uhaba wa bidhaa bora za ngozi limewavutia baadhi ya vijana na akina mama wa mijini. Wengi wao hawakuanza kwa nia ya kufanya biashara. Mmoja alijishonea pochi kwa kuwa aliipenda kazi hiyo, rafiki akaiona akaagiza ya kwake, kisha jirani akataka mkanda, na baada ya muda mfupi sebule ikageuka karakana.

Hapo ndipo penye furaha, na hapo hapo ndipo penye mtego. Fundi aliyeanza kwa mapenzi huona haya kutaja bei kwa watu anaowafahamu, hujiona amepata faida kila anaposhika noti mkononi, na baada ya mwaka mmoja hushangaa kuona amefanya kazi usiku na mchana huku akishindwa hata kununua ngozi ya kuendelea. Si kwamba kazi yake ni mbaya. Ni kwamba katika bei zake zote hakuwahi kujihesabu yeye mwenyewe.

Makala haya yanaeleza mambo ambayo mtu anayependa kazi ya ngozi anapaswa kuyafahamu kabla ya kuigeuza kuwa chanzo cha kipato.

Ukubwa si mafanikio

Kazi ya ngozi si ngeni katika nchi yetu. Watu wa mwambao wamevaa makubadhi kwa vizazi vingi, na jamii za wafugaji zimetengeneza mishipi, ala za visu na vyombo vya ngozi tangu kale. Aliyeshika kazi hii alikuwa fundi mmoja na vifaa vichache, aliyemfahamu mteja wake kwa jina na kwa ukubwa wa mguu.

Taifa lilipotaka kwenda kwa kasi zaidi lilipata somo chungu. Katika miaka ya 1970, kwa fedha za Benki ya Dunia, ulibuniwa mradi wa kiwanda kikubwa cha viatu mjini Morogoro, kilichokusudiwa kutengeneza takribani jozi milioni nne kwa mwaka, sehemu kubwa kwa ajili ya soko la Ulaya. Mashine zilikuwapo na wafanyakazi walikuwapo, lakini jengo lenyewe halikufaa kwa joto la nchi yetu na soko lililotarajiwa halikupatikana. Kiwanda hakikuwahi kufikia hata asilimia tano ya uwezo wake, na mwaka 1990 uzalishaji ukakoma.

Mjasiriamali mdogo ana la kujifunza hapo. Kununua mashine kabla ya kumpata mteja ni kosa lile lile, hata kama mashine hiyo ni moja na imenunuliwa kwa mkopo wa kikundi.

Ijue ngozi kabla ya kuinunua

Ngozi mbichi huoza. Ili idumu ni lazima isindikwe, na zipo njia mbili kuu za kufanya hivyo. Ya kwanza hutumia madini ya kromu. Ni ya haraka, na hutoa ngozi laini inayofaa kwa mikoba, makoti na sehemu za juu za viatu. Ukiikata na kutazama ukingo wake, mara nyingi utaona rangi ya kijivu au buluu katikati.

Njia ya pili ni ya asili. Hutumia tanini, dawa inayopatikana katika magome ya miti kama miwati. Mkoani Njombe mashamba ya miti hiyo yana historia ndefu, kwani Kampuni ya Tanganyika Wattle, maarufu kwa jina la TANWAT, ilianzishwa huko mwaka 1949. Ngozi ya magome ni ngumu kiasi, ina rangi ya hudhurungi hadi ndani, hukubali kuchorwa na kugongwa mapambo, na hufaa kwa mikanda, makubadhi na ala. Inapozeeka haichakai upesi, bali hukolea rangi na kung'aa.

Anayeanza na achague moja kulingana na anachotaka kutengeneza. Wapo wanaonunua ngozi laini ya kromu kwa ajili ya mikanda kwa sababu tu inapendeza dukani, kisha mkanda unavutika na kupinda ndani ya wiki chache.

Unene nao una kanuni zake. Kwa mkanda wa suruali, milimita tatu hadi nne zinafaa. Kwa pochi, milimita moja hadi moja na nusu zinatosha, kwa kuwa tabaka kadhaa zitalaliana na pochi nene haiingii mfukoni. Ngozi ya mgongo ndiyo imara kuliko zote. Ya tumbo huvutika na haifai kubeba uzito.

Kuitofautisha ngozi halisi na bandia si kazi ngumu. Tazama upande wa nyuma: ngozi halisi ina nyuzinyuzi zilizosongamana, ilhali bandia mara nyingi ina kitambaa. Ukichoma kipande kidogo, ngozi halisi hutoa harufu ya nywele zilizoungua, na bandia huyeyuka kama plastiki. Jaribio hilo lifanywe kwa kipande kidogo sana na mahali pa wazi. Mabaki ya ngozi ya kromu yasichomwe kama taka, kwa kuwa moshi na majivu yake vinaweza kuwa na sumu.

Kwa nini ngozi nzuri ni adimu

Msomaji anaweza kujiuliza, nchi yenye ng'ombe wengi hivyo inakosaje ngozi nzuri? Jibu linaanzia malishoni, mbali kabisa na karakana. Ng'ombe wengi hupigwa chapa ya moto katikati ya ubavu, mahali ambapo pangetoa ngozi bora kuliko pengine popote. Miiba huwachana, kupe huacha vitundu, na nundu ya ng'ombe wetu wa asili huacha sehemu isiyo sawa. Machinjioni, kisu cha mchunaji mwenye haraka huacha mikato upande wa ndani. Ikiwa chumvi nayo itachelewa kutiwa, ngozi huanza kuoza kabla ya kufika kiwandani.

Zaidi ya hayo, kwa miaka mingi ngozi iliuzwa nje ikiwa mbichi. Mwaka 2003 Serikali iliweka tozo ya asilimia 20 kwa ngozi ghafi zinazosafirishwa nje, ambayo baadaye ilipandishwa na kubadilishwa mara kadhaa, na mwaka 2008 ikatungwa sheria mahususi ya biashara ya ngozi. Lengo lilikuwa kuzibakisha ngozi nchini ili zisindikwe na kutoa ajira. Hata hivyo, tozo haiwezi kufuta chapa ya moto wala kuziba alama ya kisu.

Kwa fundi mdogo, maana yake ni kwamba ngozi isinunuliwe kwa kuonyeshwa ikiwa imekunjwa. Ikunjuliwe yote, itazamwe kwenye mwanga wa jua pande zote mbili, na kila kovu lihesabiwe. Kovu si lazima liwe hasara. Fundi hodari hulipeleka kwenye kipande kidogo cha kishikizo cha funguo. Lakini bei ya futi ya mraba yenye makovu isilingane na ya ile iliyo safi.

Anza na vifaa vichache

Uzuri wa kazi hii ni kwamba haihitaji mtaji mkubwa wa vifaa. Kisu kikali, rula ya chuma, msharasi wa kutobolea, nyundo, sindano mbili, uzi imara uliopakwa nta, gundi, msasa wa kulainisha kingo na ubao wa kukatia vinatosha kutengeneza bidhaa inayouzika.

Mshono wa mkono wa sindano mbili, ambapo kila tundu hupitiwa na uzi kutoka pande zote mbili, una sifa ambayo cherehani ya kawaida haina. Uzi ukikatika mahali pamoja, mshono uliobaki hubaki umeshikana. Mteja akielezwa hivyo, huelewa kwa nini bidhaa hiyo ina bei kubwa kuliko ile ya dukani.

Kisu butu ni adui wa fundi, kwani huchana badala ya kukata na huteleza kikajeruhi mkono. Gundi nyingi za viatu nazo zina mvuke wenye madhara, hivyo zitumike penye madirisha wazi na mbali na moto au watoto. Wakazi wa pwani wana tatizo jingine, nalo ni ukungu wakati wa masika. Ngozi isifungiwe ndani ya mfuko wa plastiki. Itundikwe au iviringishwe mahali penye hewa, juu ya sakafu.

Bidhaa ya kwanza iwe moja au mbili tu. Kishikizo cha funguo, kipochi cha kadi na mkanda ni walimu wazuri kwa kuwa hutumia ngozi kidogo na kosa lake halitii hasara kubwa. Mkoba wa kike wenye zipu, bitana na mifuko usubiri mpaka mkono uwe umezoea. Anayetengeneza kila kitu kwa kila mtu hujikuta akichora umbo jipya kila siku, na muda wa kuchora haulipwi na mtu yeyote.

Hesabu ya mkanda mmoja

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tuchukue mfano wa mkanda mmoja wa suruali. Bei zilizotumika hapa ni za mfano tu; kila fundi aweke za kwake.

Fundi amenunua ngozi yenye futi za mraba 20 kwa shilingi 3,500 kila futi, jumla shilingi 70,000. Mkanda wenye upana wa sentimita nne na urefu wa sentimita 120 unachukua zaidi kidogo ya nusu futi ya mraba. Kwa hesabu ya karatasi, ngozi hiyo ingetoa mikanda 38, na kila mmoja ungebeba gharama ya ngozi ya takribani shilingi 1,840. Anaongeza bizimu ya shilingi 1,500 na kupata kama shilingi 3,340. Akiuza mkanda kwa shilingi 10,000, anaamini amepata faida ya zaidi ya shilingi 6,600.

Sasa tuhesabu upya kwa ukweli. Kwanza, ngozi haina umbo la mstatili. Ina miguu, tumbo na makovu, na mkanda unahitaji kipande kirefu kisicho na kasoro. Tuseme imetoa mikanda 20 tu. Gharama ya ngozi kwa kila mkanda inapanda hadi shilingi 3,500. Bizimu ni shilingi 1,500. Uzi, gundi, rangi na nta ni shilingi 800. Kifungashio ni shilingi 300. Jumla ya mali ghafi ni shilingi 6,100.

Pili, fundi mwenyewe. Tuseme anahitaji shilingi 400,000 kwa mwezi ili aishi na familia yake. Anafanya kazi siku 25, saa nane kwa siku, yaani saa 200. Lakini saa 50 kati ya hizo huzimalizia sokoni akitafuta ngozi, akinoa visu na kujibu simu za wateja. Zinabaki saa 150 za kutengeneza. Kama mkanda mmoja humchukua saa moja na nusu, atatengeneza mikanda 100 kwa mwezi. Kila mkanda, kwa hiyo, unapaswa kumlipa shilingi 4,000.

Tatu, pango la chumba, umeme, simu na nauli. Vikiwa shilingi 150,000 kwa mwezi, kila mkanda unabeba shilingi 1,500.

Jumla kuu ni shilingi 11,600. Mkanda ule ule ulioonekana kuleta faida nono kwa bei ya shilingi 10,000, kumbe unapoteza shilingi 1,600. Fundi haioni hasara hiyo kwa sababu haitoki katika mfuko wa muuza ngozi wala wa mwenye nyumba. Inatoka katika ujira wake mwenyewe: badala ya shilingi 400,000 anaishi kwa shilingi 240,000, tena kwa sharti kwamba mikanda yote 100 inunuliwe. Mwezi wa mauzo duni ukifika, anakula fedha ya ngozi, na biashara inakufa.

Ili biashara ikue, iongezwe faida juu ya gharama. Asilimia 20 ya shilingi 11,600 ni shilingi 2,320, hivyo bei ya jumla iwe takribani shilingi 14,000. Duka likiuchukua mkanda huo na kuongeza asilimia 40, utauzwa kwa shilingi 19,600. Fundi anayeuza pia moja kwa moja asiuze chini sana ya bei ya duka linalomuuzia, la sivyo duka hilo litaacha kuchukua bidhaa zake.

Iwapo bei hiyo itaonekana kubwa mno mbele ya wateja, dawa si kukata ujira. Dawa ni kupunguza muda kwa kutumia vielelezo vya bati au kadi ngumu, kukata mikanda kumi kwa pamoja kabla ya kushona, kununua bizimu kwa jumla, na kutumia vipande vinavyobaki kutengeneza vishikizo vya funguo.

Soko lako ni lipi?

Kushindana kwa bei na mikanda ya bandia inayopatikana Kariakoo ni vita ambayo fundi wa mkono hawezi kushinda. Mteja wake ni yule aliyekwisha kununua mikanda mitatu ya bei rahisi na sasa anataka mmoja utakaodumu. Ni kampuni inayotafuta zawadi za mwisho wa mwaka zenye nembo yake. Ni mgeni anayetembelea maduka ya sanaa ya Mwenge au Mji Mkongwe wa Zanzibar na kutaka kitu kilichotengenezwa hapa kweli.

Simu imekuwa duka la wengi, kwa picha za bidhaa na malipo ya fedha mtandaoni. Picha ipigwe kwenye mwanga wa mchana na ionyeshe mshono kwa karibu. Oda ya bidhaa maalumu ichukuliwe kwa malipo ya awali yasiyopungua gharama ya mali ghafi, hata kama mteja ni binamu. Maonesho ya Sabasaba yanayofanyika kila mwaka katika viwanja vya Barabara ya Kilwa ni nafasi nyingine ya kukutana na wanunuzi wa jumla.

Baada ya sifa kuja, tahadhari inahitajika. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Fundi anayepata oda nyingi hushawishika kutumia ngozi ya tumbo au kuruka hatua ya kulainisha kingo, na mteja aliyelipa bei ya juu husamehe mara moja tu.

Sheria na mahali pa kupata msaada

Jina la biashara husajiliwa kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA), namba ya mlipakodi hutolewa na Mamlaka ya Mapato (TRA), na leseni hupatikana katika halmashauri. Mfumo wa kodi kwa wafanyabiashara wadogo humpa nafuu anayetunza kumbukumbu za mauzo kuliko asiyezitunza. Daftari lile lile linalookoa ujira wa fundi humsaidia pia mbele ya ofisa wa kodi.

Ngozi za chui, chatu, mamba na wanyamapori wengine zisiguswe bila kibali, hata mteja akiahidi fedha nyingi. Chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, hizo ni nyara za Serikali, na kukutwa nazo kinyume cha sheria ni kosa lenye adhabu kali.

Kwa mafunzo, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) inafundisha teknolojia ya ngozi katika Kampasi yake ya Mwanza. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO), lililoanzishwa mwaka 1973, lina ofisi mikoani na husaidia mafunzo na mikopo. Halmashauri nazo hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Utaratibu huo ulisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024.

Mkopo, hata hivyo, uombwe baada ya hesabu ya mkanda mmoja kukaa sawa. Anayepoteza shilingi 1,600 kwa kila mkanda, akikopeshwa mashine itakayomwezesha kutengeneza mikanda 300, atakuwa amenunua njia ya haraka zaidi ya kufilisika.

Mapenzi ya kazi ni mtaji mkubwa, maana ndiyo yanayomfanya fundi arudie mshono uliopinda hata kama hakuna aliyeuona. Lakini mapenzi hayalipi pango wala ada ya mtoto. Anayetaka kazi ya mikono yake imtunze hadi uzeeni, aanze leo kuandika katika daftari gharama ambayo mafundi wengi huisahau, nayo ni ujira wake mwenyewe.